Yamaha FSX800C: Gitaa Moja kwa Kazi ya Jukwaani na ya Kurekodi Nyumbani

Mpiga gitaa wa Nairobi anayetumbuiza harusini Jumamosi, akaongoza nyimbo za ibada Jumapili, kisha katikati ya wiki akarekodi tungo zake katika chumba cha kupanga kule Umoja au Kahawa West, mara nyingi ana uwezo wa kununua gitaa moja tu, na gitaa hilo hudaiwa kazi mbili zinazovutana. Jukwaani linatakiwa litulie spika zinapofunguliwa, ilhali nyumbani linatakiwa liwe na sauti pana na yenye uhai mbele ya maikrofoni. Nimelitumia Yamaha FSX800C kwa kazi zote mbili na kulilinganisha na magitaa mawili ya kampuni hiyo hiyo ambayo mnunuzi wa kiwango hiki hukutana nayo, yaani FGX800C na APX600. Ninaamini kwamba jambo la kwanza la kuamua ni ukubwa wa tumbo la gitaa, kabla ya chapa, rangi au idadi ya vitufe vilivyo ubavuni, na kwamba tumbo la wastani la FSX ndilo linalomfaa mtu wa namna hiyo.

FGX ina umbo kubwa lenye kiuno kipana ambalo wapiga gitaa huliita dreadnought, umbo lililotengenezwa kwanza na Martin ya Marekani mwaka 1916 na kupewa jina la meli ya kivita ya Uingereza. Besi yake ni nzito na inapendeza sana ukikaa sebuleni. Tatizo huanza jukwaani, kwa sababu hewa iliyo ndani ya tumbo kubwa kama hilo hutetemeka kwa nguvu kwenye masafa yanayokaribia Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), na spika ya jirani inapotoa sauti ya masafa hayo, ubao wa mbele huitikia, pikapu, yaani kifaa cha ndani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, hulichukua itikio hilo na kulirudisha kwenye spika, na mzunguko huo ukiendelea kwa sekunde chache tu ukumbi mzima husikia mngurumo. Kadiri tumbo linavyokuwa jembamba ndivyo hatari hiyo inavyopungua. Ndiyo maana APX600, yenye kina cha milimita 80 hadi 90, inapendwa na wanaopiga karibu na ngoma na besi. Lakini ubao wake wa mbele ni wa tabaka zilizogundishwa, na ukiondoa waya sauti yake hubaki ndogo na kavu, jambo ambalo maikrofoni haiwezi kulificha.

FSX imekaa katikati, ikiwa na kina cha milimita 90 hadi 110 na kiuno kilichobanwa kidogo. Urefu wa nyuzi zake zinazotetemeka ni milimita 634, ilhali wa FGX ni 650, na tofauti hiyo ndogo hulegeza mvutano kiasi cha kumsaidia anayeimba huku akishika kodi ngumu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa saa nzima. Faida kubwa zaidi naiona kwa wanaodonoa kwa vidole. Katika mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, ambao George Mukabi aliupatia umaarufu kabla ya kufariki mwaka 1963, kidole gumba hushika besi huku kingine kikiendesha sauti ya juu, na mitindo ya aina hiyo inahitaji kila uzi usikike peke yake. Tumbo la wastani hutenga sauti hizo vizuri, ilhali dreadnought huzifunika kwa besi yake.

Ubao wa mbele wa FSX ni kipande kizima cha mspruce wa Sitka, aina ya mti wa jamii ya misonobari, na kwangu sifa hii ndiyo inayohalalisha bei yake kuliko nyingine yoyote. Ubao mzima hutetemeka kwa uhuru, na sauti yake huendelea kukomaa jinsi unavyopigwa. Mnunuzi hana haja ya kutegemea maneno ya muuzaji kulithibitisha hilo: atazame ukingo wa tundu la sauti, na akiona mistari ya mbao iliyo juu inaendelea kushuka ukingoni, ubao ni mzima, akiona tabaka zilizolaliana, ni za kugundishwa. Mbao za mbavuni na mgongoni katika FSX ni za tabaka, na kwa maisha ya hapa silioni hilo kuwa upungufu. Gitaa linalosafiri kwa basi kutoka Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari na yenye hewa kavu Januari na Februari, hadi kwenye unyevunyevu wa Mombasa, linahitaji mbavu zisizopasuka upesi. Ubao mzima wa mbele bado unataka uangalizi; unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaoufaa, na gari lililoachwa juani ni adui yake mkubwa.

Kuhusu umeme wake, pikapu ni ya aina ya piezo iliyolazwa chini ya kifupa kinachobeba nyuzi darajani. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani hutoa umeme zinapobanwa, na pikapu za leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa kuwa inapokea msukumo wa nyuzi moja kwa moja, haisikii chumba na haisumbuliwi sana na ngoma, lakini kila piezo ya chini ya kifupa ina ukali fulani katika sauti za kati, hasa unapokwaruza nyuzi kwa nguvu. FSX ina vidhibiti vya besi, kati na juu, pamoja na kidhibiti cha kuchagua ni masafa gani ya kati yapunguzwe, na hiki cha mwisho nakisifu bila kusita: kipunguze cha kati kidogo, kisha zungusha hicho cha kuchagua masafa taratibu mpaka ule ukali uondoke. Mwenye gitaa anunue pia kisanduku cha DI na kizibo cha mpira cha tundu la sauti. Kisanduku huiwezesha sauti kusafiri kwenye waya mrefu hadi kwa fundi mitambo bila kuokota kelele za umeme, na kizibo hutuliza ile hewa ya tumboni. Asiache waya umechomekwa baada ya onyesho, kwani gitaa huendelea kula betri.

Wengi huharibu rekodi zao za nyumbani kwa kuchomeka waya ule ule wa jukwaani kwenye kompyuta na kuridhika. Waya huo ubaki wa akiba. Sauti ya kweli ya FSX iko hewani, na maikrofoni moja ya kondensa inayolishwa umeme wa volti 48 inatosha kuinasa. Ielekezwe pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa sentimita 20 hadi 30, na isitazame tundu la sauti, ambako besi hufura na kuzima maneno ya nyuzi. Chumba nacho kina sehemu yake: blanketi nzito nyuma ya mpigaji, pazia lililofungwa, na saa ambazo matatu zimepungua barabarani huleta faida kuliko maikrofoni ya bei maradufu. Chini ya mabati, msimu wa mvua za Machi hadi Mei, ratiba yenyewe hupangwa na mawingu.

Anayekwenda kununua katika maduka ya katikati ya jiji alipige gitaa kwanza bila waya, hata kama muuzaji amekwisha kuliunganisha na spika, kwa maana spika nzuri huficha ubao dhaifu. Abonyeze uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vilivyokata shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, aone kama kuna uwazi mwembamba sana karibu na freti ya saba. Uwazi mkubwa au kukosekana kabisa kwa uwazi ni dalili kwamba shingo inahitaji kurekebishwa. Kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 kikizidi milimita tatu, vidole vitachoka mapema, na fundi anayejua kazi hulimaliza jambo hilo kwa kupunguza kifupa kidogo kidogo. Bei siitaji kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola, ila mnunuzi aweke kando fedha za fundi, DI na nyuzi mpya kabla hajakubaliana na muuzaji.

Kwa mtu anayeongoza nyimbo uwanjani bila umeme, FGX inafaa zaidi, na anayepiga kila wiki katikati ya bendi yenye tarumbeta na ngoma kubwa, bila nia yoyote ya kurekodi, achukue APX600. Mwimbaji wa peke yake, au wawili wanaoimba pamoja mkahawani na kurekodi nyumbani, achague FSX800C na kulifunga nyuzi za fosfa-bronzi za unene wa 12, yaani zile ambazo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012.