Land Cruiser 80 ya mwaka 1992: niiuze au nibaki nayo?

Gari langu ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1992, injini 1HZ, gia za mkono. Kwa asiyeijua injini hii: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo (feni ya kusukumia injini hewa zaidi), na pampu yake ya mafuta haijui kompyuta ni kitu gani. Ekseli ni nzima mbele na nyuma, springi za koili kwenye magurudumu yote manne, na bodi imekalishwa juu ya chesisi inayojitegemea. Toyota waliileta 80 mwaka 1990, na mwaka 1998 nafasi yake ikachukuliwa na 100. Kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote leo ni gari zee. Langu limeshapita kilomita laki nne.

Sifa za gari hili zimeandikwa mpaka zimechosha, sitazirudia. Ninachotaka kueleza ni kile kipindi ambacho fundi amekukabidhi orodha ndefu ya matengenezo na kila unayemwonyesha anakwambia liuze.

Orodha yangu ilikuwa hivi: shokamzoba zote, bushi za mikono ya suspensheni mbele na nyuma, oili sili za magoti ya ekseli ya mbele, diski na pedi, hozi za breki, rejeta, mkanda wa taimingi (unaofanya vali ziende sawa na pistoni) uliokaribia muda wake, na kutu. Hakuna hapo ninachoweza kumlaumu mtengenezaji. Ni umri tu. Jumla ilikaribia nusu ya bei ambayo ningeipata kama ningeliuza likiwa hivyo hivyo.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala: matengenezo yakifika nusu ya thamani, uza. Hesabu hiyo mimi siikubali. Bei ya gari sokoni ni shida ya anayetaka kulinunua. Mimi ninayetaka kuendelea kuwa na foo wili ninapaswa kulinganisha gharama ya kulitengeneza hili na gharama ya kupata jingine litakalofanya kazi ile ile. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake miaka ya mwanzo, na kwa kuwa hasara hiyo haiji na risiti, hakuna anayeihesabu. Langu lilishamaliza kushuka zamani. Ukijumlisha anachopoteza mwenye gari jipya kwa mwaka mmoja, bima yake kubwa, na riba kama amekopa, orodha ya fundi haitishi tena.

Upande wa pili wa hesabu hiyo, ambao sisi wapenzi wa magari ya zamani huuruka makusudi, ni kwamba fedha uliyokwisha kuitia kwenye gari haihesabiwi. Kusema "nimefunga klachi mpya juzijuzi, siwezi kuliuza" ni kuiachia klachi ikuamulie. Halafu kuna siku za gereji. Gari linalotengenezeka kwa bei nafuu lakini linakaa juu ya jeki likisubiri kipuri lina gharama isiyoandikwa popote, hasa likiwa ndilo gari pekee nyumbani. Mimi nina kigari kidogo cha mizunguko ya kila siku. Bila hicho, huenda uamuzi wangu ungekuwa mwingine.

Sasa injini, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu: inakula oili? Haili kiasi cha kunisumbua. Nililiwasha asubuhi likiwa limelala baridi usiku kucha, nikaangalia moshi: mweupe kidogo, ukaondoka. Ungekuwa wa bluu na ukabaki, hiyo ingekuwa oili inayoungua. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, kuona kama kuna mvuke unaosukuma kwa nguvu kutoka chini. Hapakuwa na wa kutisha. Fundi akapima mgandamizo wa silinda moja moja, na zote sita zilikaribiana, jambo ambalo lina uzito kuliko silinda moja kutoa namba kubwa. "Injini hii itatuzika sote," akasema, na pengine ni kweli.

Lakini injini nzuri ndiyo inayowapumbaza wenye magari haya. Injini hufunguliwa ikasukwa upya, au hutolewa ikawekwa nyingine, na vipuri vya 1HZ havijawa adimu kwa sababu Toyota waliendelea kuifunga kwenye Land Cruiser 70 miaka mingi baada ya 80 kukoma. Tahadhari yangu kwake ni moja tu: mkanda wa taimingi. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka kila kilomita 100,000, na mkanda ukikatika vali hukutana na pistoni. Kama umelinunua gari bila historia, usiulize odometa. Badilisha mkanda kwanza, maswali baadaye. Zaidi ya hapo, gari zee la chesisi huliwa na kutu wakati mwenyewe bado anajisifia injini.

Kwa hiyo kabla ya kuamua chochote nilishinda siku nzima chini ya gari nikiwa na nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na tochi. Lioshe kwanza kwa maji ya presha, kwa sababu tope lililokauka na ile rangi nyeusi ya kupaka chini huficha mengi, na mara nyingine hupakwa ili yafiche. Gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na kumwaga magamba. Mahali pa kukagua zaidi ni pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma: tope huingia ndani kupitia matundu yake na halitoki, kwa hiyo chuma kinaliwa kutoka ndani wakati nje kunang'aa. Kisha braketi za mikono ya suspensheni, viti vya springi, sehemu lilipofungwa boksi la steringi, na raba zinazobeba bodi. Paipu za breki zifuatilie kwa kidole, hasa zinapobanwa na vishikizo, maana hapo ndipo unyevu unapolala.

Kwenye bodi utakuta kutu chini ya raba ya kioo cha mbele, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya mlango wa nyuma. Hiyo inakera macho, na ikifika kwenye kioo italowesha mazulia, lakini hukatwa, ikachomelewa, ikapakwa rangi. Ya chesisi ni kesi nyingine. Kutu ya juu juu inakwanguliwa, inatibiwa, inapakwa, kisha unapuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya chesisi. Iliyotoboa karibu na braketi ya suspensheni au boksi la steringi, mimi nisingebishana nayo. Hilo ni gari la kuuzwa vipuri, hata kama injini yake inaimba.

Langu lilikuwa na kutu ya juu juu karibu kote, na tundu moja kwenye boriti ya mwisho nyuma, mbali na suspensheni. Fundi wa kwanza wa kuchomelea alitaka kubandika bati juu ya tundu. Nilimshukuru nikaondoka. Kiraka juu ya chuma kibovu kinashikilia kile kile kinachooza. Wa pili alikata mpaka akafika kwenye chuma safi, akaweka kipande chenye unene ule ule, na kabla ya kugusa mashine ya kuchomelea alitoa nyaya za betri bila kukumbushwa. Huyo namba yake nimeihifadhi.

Katikati ya haya yote nilikwenda kujaribu foo wili mpya. Jina nitaliacha, kwa kuwa ninayoyasema ni ya magari ya kizazi hicho kwa jumla. Ni tamu. Inaondoka kwenye taa kama gari dogo, ndani unaongea kwa sauti ya kawaida, na gia zinajibadilisha hata huzisikii. Kwenye 80 mlima mrefu ukiwa na mzigo ni suala la subira na gia ya tatu, na mafuta kwa mwendo wangu ni kama lita 13 kwa kilomita 100. Mpya ilinishinda kwa yote hayo, sibishi.

Kilichonifanya nisite ni aina ya matumizi yangu. Dizeli za sasa hutumia mfumo wa komoni reli, ambao husukuma mafuta kwa presha inayofika bari 2,000 na zaidi. Kwenye presha hiyo, maji kidogo au uchafu kwenye dizeli huua noseli na pampu, na bei zake utaombwa uketi kwanza kabla ya kutajiwa. Halafu kuna chujio la masizi kwenye ekzosi, linalohitaji dizeli yenye salfa kidogo na safari ndefu za kulipasha moto ili lijisafishe. Ukiishi kwa safari fupi fupi, linaziba. Anayekwenda barabara kuu kila wiki na kuweka mafuta safi hana haja ya kuogopa lolote katika haya. Mimi safari zangu ni fupi na chafu, na mafuta mara nyingine nayabeba kwenye madumu.

Niliangalia pia njia ya kati: 80 nyingine, au 100, iliyo katika hali bora kuliko yangu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zilizotunzwa hazikai sokoni, na zilizokaa sokoni zilikuwa na orodha kama yangu, ila imefichwa chini ya rangi mpya. Afadhali ubovu ninaoujua.

Hoja iliyokaribia kunishinda ni usalama, na hii sitaki kuipitia harakaharaka. Gari langu halina mifuko ya hewa wala ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Halina ule mfumo wa kielektroniki unaofunga breki za gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza pembeni. Mfumo huo uliingia sokoni mwaka 1995, na kufikia Novemba 2014 Umoja wa Ulaya ukawa umeulazimisha kwa magari yote mapya. Kwa gari refu na zito lenye kitovu cha uzito juu, faida yake ni kubwa hasa, kwa sababu linaloanza kuteleza pembeni ndilo linalopinduka. Bati nene si jibu. Watu hupenda kusema magari ya zamani ni ya chuma kweli kweli, lakini chuma kisichokunjika hupeleka kishindo chote kwa aliyeketi ndani. Mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Ungewapakia watoto humo kwa safari ya usiku kwenye barabara kuu?" Sikuwa na jibu zuri, kwa hiyo tulikubaliana kwamba safari za barabara kuu na familia hazifanywi na 80. Hiyo ni sehemu ya bei ya kubaki nalo, na kama nisingeweza kuilipa, ningeliuza.

Basi nikalibakiza, na fedha nikaitumia kwa mpangilio huu. Breki kwanza, pamoja na hozi zote na paipu moja niliyoitilia shaka. Kisha steringi na chesisi. Kisha rejeta na hozi zake, kwa sababu injini isiyokufa huuawa na joto. Mkanda wa taimingi na beringi ya kuukazia. Magoti ya ekseli ya mbele yalifunguliwa, na ndani tulikuta grisi na oili ya difu vimeungana kuwa supu nyeusi. Sili mpya, beringi mpya, na mlio wa tak-tak nikikata kona ukapotea. Bushi na shokamzoba zikaja mwisho, ingawa hizo ndizo zilizobadilisha gari kuliko yote. Lilikuwa linatangatanga barabarani, nikadhani ndivyo 80 zilivyo. Sasa linakwenda nilikolielekeza. Rangi, viti na redio havikupata hata senti.

Tangu hapo linafanya kazi yake bila makuu: mizigo, tope, kuvuta tela, kufika ambako kigari hakifiki. Mpaka niliojiwekea ni wazi. Kila mwaka narudi chini na nyundo, na kutu ikigusa braketi za suspensheni, hakuna mjadala tena. Injini ikifa kabla ya hapo, nitaweka nyingine.

Mwenye gari moja tu, anayetembea barabara kuu na familia, asifuate mfano wangu; auze akiwa bado na cha kuuza. Mwenye fundi wa kumwamini, chesisi nzima na gari la pili, atafute nyundo aanze kugonga.

Kilichobaki ni kiyoyozi. Langu lilitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo ilipigwa marufuku kwa kuharibu tabaka la ozoni, na kuhamia gesi mbadala ya R134a kunataka kubadilisha kikaushio, oili ya kompresa na raba za viungio. Nimeomba bei. Kwa sasa nafungua madirisha.