Kufuta kabila au kuligawia viti? Rwanda na Burundi, kama tunavyoziona toka Bukavu, mashariki mwa Kongo

Ukisimama darajani Ruzizi, Rwanda iko ng'ambo. Ukishuka bondeni hadi Uvira, Burundi iko karibu. Zote mbili zilitawaliwa na Wabelgiji, ambao miaka ya 1930 waliandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani Rwanda, neno moja kwenye karatasi hiyo liliamua nani apite na nani auawe.

Baada ya mauaji ya kimbari, Rwanda ililifuta. Kitambulisho hakitaji kabila, na sheria inaadhibu uchochezi. Nalielewa kabisa. Lakini lisilotajwa huwezi kulihesabu: nani atajua kama kazi na vyeo vinagawanywa kwa haki?

Burundi ilifanya kinyume. Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000, kisha katiba ya 2005, viliweka wazi: serikalini na bungeni Wahutu 60%, Watutsi 40%, seneti nusu kwa nusu, na jeshini hakuna kabila la kuzidi nusu. Batwa, kabila la tatu na dogo zaidi, nao walipewa viti. Mwaka 2015, ghasia za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza zilipozuka, wapinzani walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Kwangu hilo lina uzito mkubwa. Kasoro ipo: mtoto wa mama Mtutsi na baba Mhutu huhesabiwa upande wa baba tu.

Kwetu Kongo, Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kivu Kusini, bado anaulizwa kama ni Mkongomani. Mimi ningeanza na njia ya Burundi: kutaja, kisha kugawana.