Faiba za zege Mtwara: za chuma nazikubali, za plastiki usikubali kuuziwa badala ya nondo

Wadau wa ujenzi Mtwara na Lindi, kuna duka la hadiwea hapa mjini saivi linauza faiba za kuchanganya kwenye zege, aina mbili, zote tumezitumia kwenye ghorofa tunalojenga Shangani kwaiyo nawapa mrejesho, maana naona watu wanabeba tu bila kujua wamenunua nini.

Zile za plastiki, nyeupe laini kama nywele, unaweka chini ya kilo moja kwa kyubiki moja (mita moja ya ujazo) ya zege. Kazi yake ni kuzuia nyufa za siku ya kwanza zege likiwa bado bichi, na kwa jua la huku na ule upepo wa baharini zinasaidia kweli, sakafu yetu imetoka safi. Ila muuzaji anawaambia wateja ukiweka hizo tetemeko haligusi ukuta, nondo punguza. Hapo nakataa kabisa na nilimwambia palepale dukani. Uzi mwembamba vile hauna ubavu wa kushika ufa unaofunguka kwenye zege lililokomaa, mtu akimsikiliza huyo muuzaji ataua familia.

Za chuma ni habari nyingine. Kipande kina sentimita 6 hivi, ncha zote mbili zimekunjwa, na hiyo kunjo ndo kila kitu: ufa ukifunguka kichuma hakikatiki, kinanyooka pale kwenye kunjo kinachomoka taratibu, na kuchomoka huko ndo kunakula nguvu ya tetemeko. Tulimwaga vibimu viwili vya majaribio, kimoja kitupu kingine na faiba kilo 40 kwa kyubiki, tukavibana na jeki. Kitupu kililia paa kikawa vipande viwili. Chenye faiba kilipasuka kwa chini lakini kikaendelea kubeba, ukichungulia ndani ya ufa unaona vichuma vimeng'ang'ania huku na huku.

Sasa ukuta wa zege unaobeba jengo, mfano ule wa ngazi au lifti, tetemeko linauumiza zaidi pembeni kwa chini, mwisho mmoja unavutwa mwingine unasagwa afu inageuka. Chile 2010 na Christchurch 2011 kuta kadhaa ziliumia hivyo, zege la nje likamenyuka, nondo za wima zikapinda kutoka nje, sababu kuta zilikuwa nyembamba na ringi za kubana (vile vyuma vya mlalo vinavyozungushwa kwenye nondo za wima) hazikutosha. Faiba za chuma zinashikilia lile zege la nje, na ule ufa mkubwa wa mshazari zinaugawa kuwa nyufa nyingi nyembamba. Maabara wamepunguza ringi kwa kutumia faiba, ni kweli, ila kwa dozi kama asilimia 1.5 ya ujazo, yaani karibu kilo 118 kwa kyubiki, sio hizi 40. Ndo maana sisi hatukutoa hata ringi moja.

Afu mafundi wengi hawalijui hili: zege la jana likikutana na la leo faiba hazivuki hapo. Ukuta unapokaa juu ya msingi kinachoshika ni nondo peke yake, kwaiyo weka za kutosha na kwaruza uso wa zege la zamani. Na nondo za wima zikiwa chache faiba zinaweza hata kudhuru, mpasuko wote unajikusanya kwenye ufa mmoja na nondo inakatika mapema.

Kero zipo. Ukizimwaga kwa pamoja kwenye mikisa zinafanya madonge, nyunyiza kidogo kidogo mwishoni, zege litakuwa gumu kumwagika lakini usiongeze maji, tumia dawa ya kulainisha. Vaa glavu, zinachoma vibaya. Kwa chumvi ya huku zilizokaa juu kabisa zitatoa vidoa vya kutu, vinachafua sura tu. Bei inauma.

Wanaosema pwani hamna matetemeko, tarehe 12 Agosti 2020 lilipiga la ukubwa wa 6.0 baharini, Dar walilisikia vizuri, na Bukoba 2016 la 5.9 tu liliua watu.

Za chuma nazipa nne kati ya tano, za plastiki nne pia lakini kwa sakafu na plasta. Duka wana mzigo mzuri na wanakuletea mpaka saiti, ila omba karatasi ya vipimo kabla ya kulipa na mfuko ulioloana usipokee.