Bomba la moshi la bati geji 30: juu sawa, karibu na moto hapana

Kwa bei, bomba hili wanalokunja mafundi wa mtaani halina mpinzani. Uimara ndio shida: unene ni kama milimita 0.3 tu, na zinki inayolipaka bati kulikinga na kutu huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, kwa hiyo mita ya kwanza juu ya jiko huungua na kushika kutu mapema. Kipande hicho kiwe chuma cheusi cha milimita 2. Kuni mbichi ndizo zinazolimaliza kabisa. Mvuke wake ukichanganyika na masizi hutoa maji meusi yenye asidi, yanatuama kwenye maungio. Jiko likipoa, minya bomba kwa vidole. Likibonyea kama kopo la soda, au mshono ukidondosha masizi, badilisha. Kuziba kwa udongo ni kujidanganya.