Kalenda ya mezani ya "Siku kama ya leo": uteuzi mzuri, tarehe zisizo na kalenda yake

Kalenda hii ya mezani ina kurasa 366, mmoja kwa kila tarehe, na kwa kuwa haikuandikwa majina ya siku za wiki, mtu anaweza kuitumia mwaka wowote. Kila ukurasa una sehemu tatu: yaliyotokea, waliozaliwa na waliofariki siku kama ya leo. Nimeifunua kila asubuhi kwa mwaka mzima kabla ya kuanza kazi, na nimeipenda, ingawa nina lalamiko moja zito juu yake.

Ubora wake uko katika uteuzi. Aliyeiandaa hakujaza kurasa kwa majina mengi yasiyo na maelezo, bali amechagua machache na kuyapa nafasi ya kueleweka. Ukurasa wa tarehe 4 Julai unaanza na Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, kisha unashuka moja kwa moja hadi 1826, siku azimio hilo lilipotimiza miaka 50, ambapo Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, alifariki nyumbani kwake Monticello na John Adams, aliyemtangulia katika urais, akafariki Massachusetts saa chache baadaye, bila kujua kwamba mwenzake ameshatangulia. Miaka mitano baada ya hapo James Monroe, rais mwingine wa zamani, naye alifariki tarehe hiyohiyo. Ukurasa haudai kwamba kuna siri yoyote katika jambo hilo. Unaliweka mbele ya msomaji na kumwachia alitafakari mwenyewe. Ule wa tarehe 14 Machi, wenye kuzaliwa kwa Albert Einstein mwaka 1879, kifo cha Karl Marx mwaka 1883 na kifo cha Stephen Hawking mwaka 2018, niliurudia mara kadhaa.

Lalamiko langu linahusu tarehe zenyewe. Ukurasa wa tarehe 23 Aprili unaeleza kwamba waandishi William Shakespeare wa Uingereza na Miguel de Cervantes wa Hispania walifariki siku moja mwaka 1616. Hawakufariki siku moja. Hispania ilikuwa imeanza kutumia kalenda ya Gregori, ambayo ndiyo tunayoitumia leo, tangu mwaka 1582, wakati tarehe 4 Oktoba ilipofuatwa na tarehe 15 Oktoba, ilhali Uingereza iliendelea na kalenda ya zamani, ya Juliasi, hadi mwaka 1752. Kati ya kalenda hizo mbili palikuwa na tofauti ya siku 10, kwa hiyo siku aliyofariki Shakespeare ilihesabiwa Hispania kuwa tarehe 3 Mei. Isitoshe, wataalamu wengi hukubali kwamba Cervantes alifariki tarehe 22 Aprili, na kwamba tarehe 23 ni ya maziko yake.

Kosa la aina hiyohiyo limo katika ukurasa wa tarehe 8 Januari, unaosema kwamba Galileo Galilei alifariki mwaka 1642, mwaka uleule aliozaliwa Isaac Newton. Galileo alifariki Italia kwa hesabu ya Gregori, na Newton alizaliwa Uingereza tarehe 25 Desemba 1642 kwa hesabu ya Juliasi, ambayo kwa kalenda ya Gregori ni tarehe 4 Januari 1643. Mwaka wao wa pamoja unapatikana tu mtu akichanganya kalenda mbili katika sentensi moja. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mwandaaji analijua jambo hili, kwa maana katika ukurasa wa tarehe 7 Novemba ameeleza vizuri kabisa kwa nini mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 huitwa ya Oktoba: kwa kalenda ya Juliasi, iliyotumika huko wakati ule, siku hiyo ilikuwa tarehe 25 Oktoba. Uangalifu huo ulistahili kufika katika kurasa zote.

Uteuzi nao, pamoja na uzuri wake, una mwegemeo. Ukurasa wa tarehe 1 Julai unatoa aya nzima kwa kuzaliwa kwa Diana, aliyekuwa mke wa Charles wa Uingereza, mwaka 1961, lakini hautaji kwamba tarehe hiyohiyo mwaka 1962 Rwanda na Burundi zilipata uhuru kutoka Ubelgiji, wala kwamba mwaka 1960 Somalia ilizaliwa kwa muungano wa maeneo mawili.

Karatasi ni nzito na maandishi yanasomeka bila kukaza macho. Ukurasa wa tarehe 29 Februari haukuachwa mtupu: una kuzaliwa kwa mtunzi wa muziki Gioachino Rossini mwaka 1792 na kupatwa kwa mwezi kwa mwaka 1504, ambako Christopher Columbus alikutumia kuwatisha wenyeji wa Jamaika ili wampe chakula.

Kwa msomaji wa kawaida ninaipendekeza. Mwalimu anayetaka kuitumia darasani, hata hivyo, asitoe tarehe yoyote ya kati ya mwaka 1582 na 1918 kabla ya kuangalia nchi husika ilikuwa ikifuata kalenda gani.