Vanishi ya maji ya sehemu mbili juu ya ngazi za mvule: inaendana na sakafu ya mninga?

Nyota nne kati ya tano. Ile moja inayokosekana ni ya rangi, maana kwa ugumu sina malalamiko.

Kazi yenyewe: ngazi 15 za mvule zinazoshuka kwenye sebule yenye paketi ya mninga (sakafu ya vipande vya mbao) iliyopigwa zamani polyurethane ya mafuta. Vanishi niliyotumia ni polyurethane ya maji, mng'ao wa kati, inayochanganywa na hadina, yaani kigumushi: sehemu 10 za vanishi kwa 1 ya hadina.

Mafundi wengi wangechukua polyurethane ya mafuta ili ifanane na ya sakafuni. Kwenye mninga haina shida. Mvule ina kemikali yake ya asili, kloroforini, inayozuia vanishi za mafuta kukauka. Unapaka leo, kesho kidole bado kinanata, na wiki ijayo kikanyagio kimeshika alama za soksi. Sandingi sila ya NC (nitroselulosi), ile ya kupaka kwanza kuziba mbao, nayo inakauka haraka na kusugulika kirahisi, ndiyo maana inapendwa, lakini ni laini. Polyurethane iliyo juu yake inaanza kubanduka kwenye ukingo wa mbele wa ngazi, pale pale mguu unapotua.

Tatizo la vanishi ya maji ni kwamba haina ule umanjano wa asali. Ukiipaka kwenye mvule iliyotoka msasani, ngazi zinabaki na rangi ya biskuti huku sakafu ikiwa nyekundu-kahawia. Dawa ni kutanguliza shelaki, utomvu wa wadudu unaoyeyuka kwenye spiriti, ile isiyo na nta. Shelaki ya kawaida ina nta, na polyurethane haishiki vizuri juu ya nta. Loweka gramu 120 za vipande vya shelaki ya rangi ya kaharabu katika lita moja ya spiriti usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha ongeza rangi nyekundu-kahawia inayoyeyuka kwenye spiriti, kidogo kidogo. Mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili, inaziba ile kemikali ya mvule na wakati huohuo inaleta joto la rangi. Epuka kuipaka hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama Dar au Tanga wakati wa masika, kwa sababu shelaki inafanya ukungu mweupe. Subiri mchana mkavu.

Sasa jambo ambalo watu hulikosea zaidi. Mvule iliyopigwa msasa leo ni ya manjano, lakini mwanga unaigeuza kuwa kahawia ya dhahabu baada ya wiki kadhaa. Ukiilinganisha na sakafu siku hiyo hiyo hadi zifanane kabisa, baadaye ngazi zitaipita sakafu kwa weusi. Chukua kipande cha mvule hiyo hiyo, kipige msasa, kifunike nusu kwa karatasi nzito na ukianike juani siku chache. Ile nusu iliyoiva ndiyo ya kupimia rangi. Unataka kuona haraka itakavyokuwa chini ya vanishi? Ilowanishe kwa spiriti. Na upande wa sakafu, linganisha na sehemu iliyo wazi, usiende kwenye ile iliyokuwa chini ya zulia. Tazama mchana, tazama tena usiku taa zikiwaka.

Msasa: namba 60 kuondoa vanishi ya zamani, halafu 80, malizia 120. Usiende 180 kwa kudhani unaongeza ubora, kwani mbao iliyosuguliwa laini mno hunywa rangi kidogo na ngazi zitatoka nyepesi kuliko ulivyopanga. Mwisho wa 120 fanya kwa mkono kufuata nyuzi, la sivyo viduara vya mashine vitajitokeza mara rangi inapogusa. Pembeni tumia kipande cha chuma cha kukwangulia. Grenda iache. Mvule pia huficha vijiwe vya chokaa ndani yake, vinavyoua makali ya randa. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Kabla ya shelaki, futa kila kikanyagio kwa asetoni.

Vipimo: kikanyagio cha mita 1 kwa sentimita 28 pamoja na ubao wa wima wa sentimita 17 ni mita za mraba 0.45. Mara 15, unapata karibu 7. Kwa mikono mitatu, na lita moja ikifunika mita za mraba 8 hadi 10, lita 3 zinatosha na kubaki kidogo. Changanya na hadina kiasi cha kutumia ndani ya saa mbili tu, kwa sababu ikipita muda wake haitashika hata kama bado inaonekana majimaji. Koroga taratibu hadi chini ya kopo. Unga unaopunguza mng'ao hutuama chini, na usipokoroga, ngazi za kwanza zitang'aa na za mwisho zitafifia. Jicho linaona tofauti ya mng'ao kabla halijaona tofauti ya rangi.

Kati ya mikono piga msasa namba 220, fyonza vumbi, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Pamba ya chuma usiisogeze hapa: chembe zake hushika kutu na kuacha madoa meusi chini ya vanishi.

Kama watu wanaishi juu, paka ngazi moja ruka moja, zilizobaki kesho yake. Soksi zinaruhusiwa baada ya siku moja, viatu na zulia baada ya wiki.

Kwa vikanyagio ningeinunua tena, ingawa bei yake iko juu ya ile ya mafuta. Kwa vinguzo vya mviringo vya pembeni mwa ngazi, vinavyobeba mkono wa kushikia, hapana. Inakauka upesi mno, brashi inaacha mistari na matone. Huko nimetumia kitambaa, na mikono minne myembamba.