Vifaa vya kupima ardhi: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi ukodi tu

Swali ninaloulizwa na vijana wanaofungua ofisi zao za upimaji ni lilelile: pesa ya kifaa kimoja imepatikana, waanze na kipi? Wengi huja wameshaamua, wanatafuta mtu wa kuwaunga mkono tu. Wanataka GNSS, yaani vipokezi vinavyotumia setilaiti kujua mahali ulipo, kwa sababu inakwenda mbio. Mimi huwa nawavunja moyo. Kifaa cha kwanza kiwe kile ambacho kikikosea unaweza kukikamata mwenyewe, hapohapo uwanjani, kabla mteja hajajenga ukuta. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, na najua wapo watakaobishana nami kuhusu namba 1 na namba 2.

1. Totali stesheni ya kawaida, isiyo ya roboti

Inapima pembe na umbali kwa pamoja, wala haihitaji setilaiti, intaneti au anga wazi. Itakufaa chini ya miti mikubwa, ndani ya jengo na kwenye uchochoro kati ya maghorofa. Halafu inajishtaki yenyewe: lenga shabaha darubini ikiwa upande wa kushoto, igeuze, lenga tena ikiwa upande wa kulia. Tofauti ya majibu hayo mawili inakuonyesha kifaa kimepotoka kiasi gani, na ukichukua wastani wake, upotofu huo unajifuta.

Muuzaji atakusukuma uchukue yenye usahihi wa pembe wa sekunde 1 au 2 (hizi ni sekunde za pembe, vipande vidogo vya nyuzi, si za saa). Usikubali haraka. Sekunde 5 za pembe kwenye umbali wa mita 100 ni takriban milimita 2.4, na mkono wa msaidizi anayeshika fimbo ya prizimu, kile kioo kinachorudisha mwale kwenye kifaa, unatikisika kuliko hivyo. Kwa viwanja, barabara na ujenzi wa kawaida, sekunde 5 zinatosha kabisa. Pesa iliyobaki nunulia prizimu nzuri na tripodi nzito. Sekunde 1 waachie wanaofuatilia mabwawa na madaraja kama yanasogea, au wanaoweka alama za msingi zilizoachana kwa umbali mrefu.

Kwenye karatasi ya sifa utakuta usahihi wa umbali umeandikwa 2 mm + 2 ppm. Maana yake, milimita 2 zipo hata ukipima mita 10, na juu yake unaongeza milimita 2 kwa kila kilomita. Joto nalo lina sehemu yake: ukiingiza joto la hewa lililokosewa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, umbali unapotoka kwa karibu 1 ppm. Asubuhi yenye ubaridi na mchana wa jua kali si hewa moja, kwa hiyo kifaa kisiachwe na namba za kiwandani. Hakikisha pia kina kifidia mwinamo cha mihimili miwili, yaani sehemu inayosahihisha vipimo kifaa kikiinama kidogo, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Leza ya kupima bila prizimu ikifika mita 300 inatosha. Mita 1,000 za kwenye tangazo hupimwa kwenye karatasi nyeupe, nawe utakuwa unalenga ukuta wenye unyevu au lami nyeusi.

Sasa habari ya prizimu, maana hapa ndipo nilipoumbuka. Kila prizimu ina namba yake ya kusahihisha umbali, na watengenezaji hawakukubaliana juu ya namba moja: ziko za -30 mm, ziko zinazohesabiwa 0. Tuliwahi kuazima prizimu ya -30 huku kifaa kimewekwa 0. Kila umbali ulirefuka kwa sentimita 3. Kiwanja kilikuwa mstatili, tukakizunguka kona hadi kona, na hesabu ikafunga vizuri sana, yaani ikaturudisha palepale tulipoanzia. Iifungeje vibaya wakati pande zinazotazamana zilirefuka sawasawa? Tulishangilia. Siku ya pili fundi akavuta tepu ya chuma kati ya vigingi viwili, akaniita pembeni kwa upole.

Tangu siku hiyo, kifaa chochote kipya au kilichotumika nakipima hivi kabla sijalipa. Weka alama tatu kwenye mstari mmoja, A, B na C. Pima AB, pima BC, halafu pima AC yote. AB jumlisha BC ikizidi AC kwa milimita 30, hizo milimita 30 ndizo zinazoingia kwenye kila umbali utakaopima. Ni kazi ya nusu saa, na muuzaji anayekataa ameshajibu swali lako.

Totali stesheni iliyotumika si dhambi. Mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama za buibui, hilo ni kuvu, na husafishwa na mtaalamu tu. Zungusha skrubu ndogo za kulenga polepole mwanzo hadi mwisho, usikie kama zinakwama. Uliza kama betri za aina ile bado zinatengenezwa. Chukua namba ya kifaa uulizie kwa wakala wa kampuni kama haikuripotiwa kuibwa, maana hivi vifaa vinaibwa sana na kuvuka mipaka.

Kuhusu jina, Leica ya Uswisi, Trimble ya Marekani, Topcon na Sokkia za Japani ndizo zenye umri mrefu sokoni. South na CHCNAV za China zinauzwa kwa bei nafuu zaidi. Mimi sishindani juu ya majina. Ninachouliza ni fundi wa kukikalibri, yaani kukikagua na kukirekebisha, yuko umbali gani na kifaa kitakaa kwake siku ngapi.

2. Vipokezi vya GNSS, jozi ya RTK

Hiki ndicho kifaa kitakachokuletea pesa haraka: eneo la wazi lililokula siku tatu kwa totali stesheni linaisha kabla ya chakula cha mchana. Kimoja kinakaa kwenye alama inayojulikana, kingine unatembea nacho, na masahihisho yanapita hapohapo kwa redio au kwa intaneti ya simu; ndiyo maana ya RTK. Usahihi unaotajwa mara nyingi ni 8 mm + 1 ppm kwa mlalo na 15 mm + 1 ppm kwa kimo. Ukiwa kilomita 10 kutoka kituo cha msingi, hizo tayari ni milimita 18 na 25, na hapo ni hali nzuri.

Nimekiweka cha pili kwa sababu kinaweza kukudanganya huku kinatabasamu. Karibu na ukuta mrefu au paa la mabati, mawimbi yanaruka na kufika yamechelewa. Skrini inaandika fiksi, yaani jibu limeshapatikana kwa uhakika, sentimita 1, kumbe uko nje kwa sentimita 20. Hakuna upande wa kushoto na wa kulia wa kuumbua jambo hilo. Dawa yake ni kurudi: zima, washa upya, pima alama ileile tena baada ya saa nzima, setilaiti zikiwa zimesogea. Na kituo cha msingi kikiwekwa kwenye alama yenye namba mbaya, kazi yote inahama pamoja, na kila kitu kitaonekana sawa hadi ikutane na kazi ya mwenzako. Wanaofanya kazi karibu na ikweta wajue pia kwamba tabaka la ayonosfia huchafuka zaidi huko, hasa baada ya jua kutua.

Unaponunua, dai kinachosoma mifumo yote minne ya setilaiti, yaani GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou, kwa masafa ya mawimbi zaidi ya moja. Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: kipi kimefungwa? Kuna vipokezi vinavyouzwa na redio ndani yake lakini haifanyi kazi hadi ununue msimbo, na kuna programu za kontrola, ile kompyuta ndogo ya kushika mkononi, zinazolipiwa kila mwaka. Yote hayo yaandikwe kwenye ankara. Kile kinachovumilia fimbo kuinama kinafaa kwenye kona za nyumba. Kijaribu kwa kusimamisha ncha kwenye msumari mmoja na kuinamisha fimbo pande nne. Majibu yakitawanyika kwa sentimita 5, acha.

Kumbuka kimo cha GNSS si kimo cha usawa wa bahari. Bila modeli ya geoidi, yaani ya usawa wa bahari ulivyo chini ya nchi kavu, kama EGM2008 ya dunia nzima au ya nchi husika, tofauti inaweza kuwa makumi ya mita.

Kwa ramani za nguzo za umeme au visima, ambako desimita zinatosha, jozi si lazima. Galileo inatoa masahihisho ya bure tangu Januari 2023, yanayolenga takriban sentimita 20 za mlalo, mradi kipokezi chako kiwe kinayasoma. Simu na GPS ndogo ya mkononi ni za kutafutia alama, kwa mita kadhaa. Mpaka wa mtu usiuweke kwa simu.

3. Levo

Ni darubini ya kupima vimo. Wengi huiruka wakidhani GNSS imeshatoa vimo. Mfereji wa mwinamo wa 1 kwa 500 unashuka milimita 20 katika mita 10, na hizo ndizo milimita ambazo RTK inaweza kuzila. Maji hayatapita. Levo ya kawaida ya darubini, yenye kosa la milimita 1.5 hadi 2.5 kwa kilomita ya kwenda na kurudi, ni ya bei nafuu kuliko vifaa vyote hapa, na betri haina. Ya dijitali inayosoma stafu (fimbo ya vipimo) ya msimbo inaondoa makosa ya macho na ya kuandika, na pamoja na stafu ya invari, metali isiyotanuka sana kwa joto, hufika milimita 0.3, ila msimbo wa kampuni moja hausomeki na levo ya nyingine, kwa hiyo nunua na stafu yake.

Jaribio: vigingi viwili mita 50, soma ukiwa katikati, kisha soma ukiwa karibu na kimoja. Tofauti ya vimo ikibadilika, mstari wa kuona umeinama.

4. Droni

Nzuri kwa machimbo, malundo ya kokoto na mashamba makubwa. Usiinunue kabla ya namba 2, kwa sababu bado utahitaji alama za ardhini za kufungia picha mahali pake na nyingine za kuzikagua, na hizo zinapimwa kwa GNSS. Kamera inapima inachokiona: nyasi zikiwa za kiunoni, ardhi yako imepanda hadi kiunoni. Leza ya angani hupenya kwenye matundu ya majani, ila bei yake ni ya gari. Kibali cha mamlaka ya anga kitangulie ununuzi. Na kompyuta ya kuchakata picha ihesabiwe kwenye bei, maana ile ya ofisini itapiga kelele usiku kucha.

5. Totali stesheni ya roboti, na skana ya leza

Roboti inamfuata mwenye prizimu, hivyo mtu mmoja anafanya kazi ya wawili. Inalipa pale tu mshahara wa msaidizi ni mkubwa. Na kwenye eneo lenye watu wengi, kifaa cha thamani hiyo kukaa peke yake mita 150 kutoka kwako ni jambo la kufikiria.

Skana inakusanya mamia ya maelfu ya nukta kwa sekunde, na kwa viwanda na majengo ya kale haina mpinzani. Ikodi. Ukiikodi kila mwezi kwa mwaka mzima, na kila mara mteja ameilipia, hapo tuzungumze.

Teodolaiti ya dijitali, inayopima pembe tu bila umbali, sikuipa namba. Bado inauzwa, na bado kuna wanaoinunua kwa kuona ni nafuu.